Peg Aliiona Nyumba Kwanza

Jumatatu, tarehe 11 Septemba 2017. Asubuhi ilikuwa ya baridi, mbingu haina wingu, na upepo wa kaskazini ulianza mapema kuliko kawaida, ukaingiza vumbi jekundu hadi ndani ya masanduku ya barua. Siku hiyo Raelene Hocking na mumewe Clem waliondoka hapa mjini kwetu Orroroo kwa baiskeli, pamoja na mbwa wao Peg, kwenda Marree, kule kaskazini reli ya zamani ilikokuwa ikipita.

Tulitoka watu wachache kuwaaga. Clem alitangulia. Nyuma ya baiskeli yake alikuwa amefunga tela dogo la magurudumu mawili, lenye paa la turubai, na ndani yake alikaa Peg, mbwa jike mwekundu wa kuchunga kondoo, mzee, mwenye nyonga mbovu, akiwa ametoa kichwa nje kama mkubwa anayekagua gwaride. Raelene alifuata nyuma na mizigo yote: hema, blanketi, sufuria, chakula cha watu na chakula cha mbwa.

"Raelene!" Delma wa duka la mikate alipaza sauti. "Mume mbele, mke mwenzako kwenye kiti cha heshima, na wewe ndiye punda?"

"Punda ndiye mwenye chakula," Raelene akajibu. "Watanirudia tu hao."

Watu walicheka, na Clem akacheka kidogo. Raelene hakucheka. Nimefanya kazi naye jikoni hospitalini miaka mingi, na najua kwamba mzaha ukimgusa pasipouma huujibu mara tatu au nne mfululizo. Huu aliujibu mara moja, akakanyaga pedeli.

Raelene alizaliwa Peterborough, binti wa fundi wa reli. Aliingia jikoni hospitalini akiwa msichana wa kuosha trei, akaja kuwa mpishi mkuu. Ni mwanamke wa maneno. Alikuwa akipeleka supu wodini, anakaa pembeni ya kitanda cha mzee asiyesikia, anamsimulia harusi ya watu asiowajua, na mzee anaondoka siku ya kutoka akisema amepata nafuu kwa sababu ya yule mama wa supu.

Clem alikuwa fundi wa mashine za upepo, hizi za kuvuta maji mashambani. Kila wiki aliondoka Jumatatu na pikapu yake, akarudi Ijumaa. Si mlevi, si mkali, hajawahi kumwinulia mke sauti. Ila hasemi. Neno la Clem lilikuwa kama mvua ya kwetu: likija, watu wanatoka nje kulitazama.

Nyumba nyingi za huku zina desturi moja ambayo hakuna anayeiona ajabu. Mume na mke wanasemeshana kupitia kwa mbwa. Kwa akina Hocking desturi hii ilikuwa imekomaa.

"Peg," Clem angesema, "mwambie mama yako soksi zangu hazionekani."

"Peg, mwambie baba yako ziko miguuni mwake."

"Peg, mwambie mama yako ahsante."

Ukiwa mgeni ungedhani wamegombana. Hapana, ndivyo walivyoishi vizuri. Lakini Peg hakukaa nyumbani na Raelene wiki nzima akipokea salamu hizo. Peg alikuwa ndani ya pikapu. Aliondoka Jumatatu, akarudi Ijumaa, kama bwana wake.

Bega la Clem lilipokataa kupanda minara, alistaafu. Raelene akafikiri kwa makini. Wakisafiri kwa gari, Clem atasikiliza kriketi redioni. Wakibaki nyumbani, atahamia bandani kwenye vyuma vyake. Kwenye baiskeli hakuna redio wala banda. Akanunua baiskeli mbili zilizotumika huko Port Augusta, akazileta nyumbani, akaziegesha ukumbini.

"Na Peg?" Clem aliuliza.

"Peg atabaki kwa dada yangu."

"Basi na mimi nitabaki kwa dada yako."

Ndipo likanunuliwa tela.

Siku moja kabla ya safari mimi na Raelene tulikuwa tunamenya viazi vya karamu ya klabu ya mpira, nikamuuliza anatafuta nini Marree, mahali palipo na vumbi na mabehewa mabovu. Alisema, "Sitafuti kitu Marree. Nataka Clem aniambie jambo moja, moja tu, ambalo sijamuuliza." Yaliyofuata alinisimulia aliporudi, mara mbili, na mara zote mbili alisema hivyo hivyo. Machache niliyapata kwa Clem, kwa kiasi Clem anachoweza kutoa.

Upepo ulikuwa unatoka mbele. Clem alikwenda mbele ili auvunje, na Raelene akajibana nyuma ya tela, karibu kiasi cha kuona masikio ya Peg yakipepea. Hapo ndipo alipoisikia sauti. Mwanzo alidhani Clem anaongea na simu. Kisha akaona simu iko kwenye mfuko wa mizigo, kwake mwenyewe.

Clem alikuwa anaongea na Peg. Si "kaa" na "njoo". Hadithi zenye mwanzo na mwisho. Alimwiga Delma na kiuno chake. Alimwiga mchungaji wetu anavyopiga chafya katikati ya sala. Akatia na chumvi. Raelene ameishi naye miaka thelathini na zaidi na hakujua kwamba anaweza kuiga mtu.

"Nilicheka mpaka baiskeli ikayumba," aliniambia. "Halafu nikaona, kumbe nacheka kama mtu anayechungulia karamu dirishani."

Walilala Carrieton. Raelene alipokuwa akimimina chai, alimuuliza, "Ulikuwa unasema nini njiani?"

"Wapi?"

"Njiani, mzee. Kutwa nzima."

"Sikuwa nasema kitu."

Raelene anasema hakuwa anadanganya. Kwa Clem, kule hakukuwa kusema.

Siku ya pili upepo ulizidi, na barabara ikawa na malori ya kondoo. Raelene alijibana nyuma ya tela tena, safari hii kwa makusudi. Karibu na kijito kikavu alimsikia Clem anasema:

"Unaikumbuka ile nyumba ya Port Germein, Peg? Yenye lango la bluu. Ukakojoa kwenye nguzo ya lango, ukarudia, nikaona aibu mbele ya mwenye nyumba. Jiko lake linatazama maji. Nilisimama pale kwenye sinki, nikasema, Rae atasimama hivi, na dirisha hili atalisukuma hivi." Akaachia usukani mkono mmoja, akausukuma hewani. "Unajua kwa nini nili..."

Lori likapita. Vumbi, kelele, harufu ya kondoo. Raelene alikanyaga kwa nguvu zote, kifua kinawaka. Alipolifikia tela tena, Clem alikuwa anamweleza Peg habari za grisi.

Lazima niseme neno kuhusu Port Germein. Kila Januari walikwenda huko wiki moja, wakaegesha karavani, wakatembea juu ya lile gati refu. Mwaka mmoja, wakiwa kwenye ncha ya gati, Raelene alimwambia Clem kwamba kabla hajafa angependa kuishi mahali anapoamka na harufu hii ya bahari. Clem aliguna, "Mm." Raelene akaona limeishia hapo, akalizika, hakulitaja tena. Sasa anasikia kwamba Clem alikwenda, tena bila yeye, akaingia jikoni, akamsimamisha pale kwenye sinki, akampimia dirisha. Na aliyekuwa naye ni Peg.

"Mbwa ameingia jikoni mwangu kabla yangu," alisema. Aliponiambia hivyo alikuwa amesimama, na alirudia, "Kabla yangu!" Shingo yake iligeuka nyekundu kama vile ni jana.

Tangu hapo alitaka kitu kimoja: Clem amwambie habari za nyumba ile kwa kinywa chake, uso kwa uso. Kuuliza asingeweza. Kumuuliza Clem ni kama kumgusa konokono pembe. Na zaidi, akiuliza itabidi aseme kwamba alikuwa anasikiliza, na Clem hataongea tena nyuma ya upepo wala mbele yake.

Jioni ile alikaanga soseji tatu kwenye jiko dogo. Iliyoungua alimtupia Peg. Clem aliitazama, akaiokota, akaila yeye, akampa Peg ya kwake. Raelene anasema afadhali angemtukana.

"Peg," alisema, "mwambie baba yako sikuipika ya mbwa."

"Peg," Clem akasema, "mwambie mama yako tumeshiba."

Tumeshiba. Hiyo "tu" ilimchoma.

Asubuhi ya tatu, kabla Clem hajafunga tela, Raelene alikwenda akalishika.

"Leo namvuta mimi."

"Mzito huyo."

"Nimevuta sufuria za hospitali."

"Hajazoea kwako."

"Ndiyo maana namvuta, azoee."

Clem alikuna kidevu, akaachia. Hesabu ya Raelene ilikuwa rahisi: Peg akiwa huku, Clem hana wa kuongea naye ila mkewe. Watakwenda sambamba, kimya kitamchosha, atafungua mdomo.

Ili wayakwepe malori, walikata njia kupitia shamba la mifugo la akina Nankivell, ambao walikuwa wameombwa ruhusa. Kwenye lango la kwanza kulikuwa na tangazo la njano, kama yalivyo kwenye mashamba mengi majira haya: nyama za sumu zimetegwa kwa ajili ya mbweha, asiyetaka kumpoteza mbwa wake amfunge. Clem alitoa kikapu cha mdomo cha waya, akamvika Peg, akakaza mkanda nyuma ya masikio. Peg alimtazama kama anayesema, na wewe pia?

"Usimfungue mpaka wavu wa mwisho," Clem alisema. Nyavu hizi ni zile za vyuma vilivyolazwa barabarani penye pengo la ua, gari linapita, kondoo hawapiti.

"Nimesikia."

"Nyavu ni tatu, Rae."

"Nimepikia hospitali nzima, nitashindwa na tatu?"

Hesabu haikwenda alivyotaka. Clem, akiwa hana mzigo, alikwenda. Hakukusudia ubaya, miguu tu ilikuwa imezoea kuvuta tela, na sasa tela halipo. Baada ya muda akawa kitu kidogo mbele, kofia na mgongo. Raelene akabaki na upepo wote usoni, na nyuma yake Peg analia. Hakubweka, alilia sauti moja nyembamba isiyokatika, macho kwenye ule mgongo wa mbele, huku anajikwaruza kikapu kwa makucha.

Raelene alijaribu. "Haya, Peg, niambie wewe. Ilikuwa na vyumba vingapi?" Peg akalia. "Sakafu ya mbao, au simenti? Wewe si ulikuwepo? Sema basi, mbea mkubwa wee." Peg hakumtazama.

Wakavuka wavu wa kwanza, kisha wa pili. Mbele kidogo, kwenye mchanga wa kijito, ulikuwepo wavu mwingine wa zamani, vyuma vyake vimepinda, na kulia na kushoto hakuna ua wowote. Mtu yeyote wa huku anajua kwamba wavu usio na ua ni vyuma vilivyosahauliwa tu, haumalizi shamba la mtu. Raelene naye anajua, amezaliwa huku. Lakini aliuhesabu. Aliniambia hivi: "Nilitaka uwe wa tatu, ukawa wa tatu."

Akasimama, akamvua Peg kikapu, akakata kipande cha jibini, akamlisha mkononi.

"Kula. Ujue na mimi nina mikono."

Peg alikula jibini. Akamlamba kiganja mara moja, na Raelene anakiri kwamba kwa muda ule mfupi alijiona ameshinda. Kisha Peg akaruka kutoka kwenye tela, na nyonga zake zile, akakimbia kumfuata Clem.

Alikimbia kwa kuchechemea. Katikati ya njia akakata pembeni, akainama chini ya kichaka cha jangwani, akaokota kitu, akakitafuna mara mbili, akameza, akaendelea kukimbia. Raelene alipiga kelele, lakini upepo ulirudisha kelele kwake.

Clem aligeuka alipomsikia Peg miguuni pake. Raelene alipowafikia alikuwa amepiga magoti, ameshika taya za mbwa.

"Mkanda umekatika?" aliuliza.

Alimpa mlango wa kutokea, na Raelene akaupitia. "Umelegea," alisema.

"Kala kitu?"

"Kala. Pale nyuma."

Wafugaji wa huku hubeba magadi ya kufulia ya kumtapisha mbwa, na Clem alikuwa nayo kwenye kopo la viraka vya pancha. Akatoa bonge, akalisukuma ndani ya koo la Peg, akamshika mdomo. Baada ya muda kidogo Peg alitapika. Kwanza lilitoka jibini, jeupe, bado lina alama ya kisu. Kisha kipande cheusi, kikavu, urefu wa kidole.

Clem alilitazama lile jibini. Akamtazama Raelene. Akatoa leso, akafunga kile kipande cheusi, akampakia Peg kwenye tela, akaanza kulisukuma kwa mikono kuelekea kwenye paa la nyumba lililokuwa likionekana mbali. Raelene alisukuma baiskeli zote mbili, moja kila upande, akimfuata.

Joy Nankivell, mwenye nyumba, ni mama mrefu mwenye sauti ya kuita kondoo. Alikinusa kile kipande, akakigeuza kwenye jua.

"Siwezi kusema. Inaweza kuwa nyama ya kangaruu iliyokauka, inaweza kuwa chambo chetu. Anayezitega ni mume wangu, na yuko mnadani Jamestown. Simu yake anaibeba lakini haipokei, ndivyo walivyo."

Akampigia daktari wa mifugo kwa simu ya nyumbani. Daktari akasema hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo ikishaingia. Kama ametapika mapema ana bahati. Wamlaze mahali penye giza na ubaridi, wamwache atulie, na kama itamshika itamshika kabla jua halijazama.

"Akianza kukimbiakimbia bila kusikia jina lake, ndiyo hiyo," Joy alisema. Akawafungulia chumba cha kufulia, akatandika gunia kwenye simenti. "Na msimkalie kimsiba. Mbwa wanajua."

Clem alilala sakafuni ubavu kwa ubavu na Peg, paji la uso wake kwenye paji la mbwa. Raelene alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alikuwa na hofu, lakini humo humo ndani ya hofu, aliniambia, wivu haukumwachia nafasi.

"Nilipotolewa kifuko cha nyongo, unakumbuka? Alikaa wapi? Kwenye pikapu, kwenye maegesho. Na nani? Na huyo huyo."

Joy alikuwa anasikika jikoni akikata mifupa. Raelene aliona kwamba Clem hatamuuliza kuhusu jibini. Angeweza kuliacha likalala, kama yalivyolala mengi. Mkanda umelegea, basi. Wangerudi Orroroo, na lile jibini lingekaa nao mezani kila siku. Na nyumba ya Port Germein isingekuja tena kinywani mwa Clem, si kwake, na kama Peg atakufa, si kwa yeyote.

"Mkanda haukulegea," alisema. "Nilimfungua mimi."

"Nimeona."

"Wavu wa tatu ulikuwa haujafika. Nilijua."

Clem aliinuka, akakaa. "Sasa kwa nini, Rae?"

"Nilimwonea wivu."

"Nani?"

"Huyo."

"Peg?"

"Una Peg wangapi? Unamsimulia, Clem. Unamwigia watu. Nilikuwa nyuma ya tela, nasikia kila kitu. Mimi unaniambia soksi. Unaniambia soksi, tena kwa kumtuma yeye."

Clem alilivuta gunia la Peg, akalinyoosha.

"Nimesikia nyumba ya Port Germein," Raelene akasema. "Nimesikia sinki. Nimesikia dirisha. Lori likapita. Nataka uniambie, mimi, uso kwa uso, kwa nini."

Clem alisimama, akatoka nje.

Raelene alidhani amekwenda kuvuta hewa. Lakini baadaye kidogo alisikia chuma kinagonga chuma. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mashine ya upepo ya akina Nankivell, iliyokuwa ikipiga kelele tangu wanafika, na Clem alikuwa ameazima spana za Joy, ameshaupanda mnara, na bega lake lile lile lililomstaafisha.

"Wanaume!" Joy alisema mlangoni. "Ukiwauliza neno wanapanda kitu."

Hivyo Raelene akabaki peke yake na Peg. Akateremka kwenye ndoo, akalala sakafuni pale pale Clem alipokuwa amelala, palikuwa bado na joto. Akaweka mkono kwenye mbavu za Peg, akahesabu pumzi, akapoteza hesabu, akaanza upya. Kila Peg alipotikisa mguu, yeye aliruka. Wakati mmoja Peg aliinua kichwa ghafla, macho yamekazwa mlangoni, na Raelene akamwita jina kwa nguvu mpaka Joy akaja mbio na kisu mkononi. Peg akageuza kichwa, akamtazama. Amesikia. Kumbe mlio wa mashine ulikuwa umekoma, na ni hilo tu lililomshtua.

"Usife," Raelene alimwambia. "Sitakupenda zaidi, sikudanganyi. Ila usife."

Jua lilipofika kwenye kingo za dirisha, Peg aliamka, akajinyoosha kwa shida, akaenda moja kwa moja jikoni, akasimama chini ya meza yenye mifupa.

"Huyu hafi leo," Joy alisema. "Huyu ana njaa."

Clem aliingia, mikono myeusi kwa grisi hadi viwikoni. Alimwona Peg na mfupa. Akakaa kitini, akafuta uso, akajipaka grisi. Joy alikuwa na akili za kutosha kukumbuka kwamba kuku wake hawajafungiwa, akatoka.

"Peg," Clem alianza, "mwambie mama yako..."

"Hapana," Raelene alisema. "Leo sipokei kitu kwa mbwa. Niambie mimi."

Clem aliitazama meza. Mtu anayeweza kupanda mnara na bega moja alihangaika na sentensi kama na nati yenye kutu.

"Ngazi," alisema mwishowe.

"Ngazi nini?"

"Ilikuwa na ngazi. Toka jikoni kwenda uani. Nyingi, za mawe. Nikafikiria magoti yako, nikaiacha."

"Magoti yangu?"

"Ulikuwa unayalalamikia mwaka ule."

"Clem Hocking! Magoti haya yamenileta hapa kwa baiskeli. Na upepo usoni."

"Sikujua."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Ulimuuliza nani?"

Macho ya Clem, bila yeye kuyatuma, yalikwenda chini ya meza.

Raelene alicheka. Anasema alicheka kwa sauti kubwa mpaka Joy akadhani mbwa amekufa, maana wengine hulia hivyo. Kisha akamwuliza mengine: nani aliinunua? Watu wa Adelaide. Lini? Ile miaka Peg alipokuwa bado anaruka mwenyewe kwenye pikapu. Dirisha je? "Lilikuwa dirisha," Clem alisema. Alijitahidi, akaongeza, "Kubwa." Akasema pia kwamba alikwenda mara ya pili kuzitazama zile ngazi tena, kama labda zimepungua.

Mimi niliposimuliwa hapa nilisema, basi umepata ulichokitaka. Amekwambia, uso kwa uso.

Raelene alikuwa anakausha vikombe.

"Amenambia," alisema. "Lakini kwangu zimefika ngazi. Dirisha alipewa mbwa. Ule mkono aliousukuma hewani, mimi hakunionyesha. Na najua hataweza. Wivu haujaniisha, nisikudanganye. Nimeujua tu mahali unapokaa."

Walilala kwa akina Nankivell. Kesho yake asubuhi upepo ulikuwa bado wa kaskazini, na Joy hakutaka kuwaachia waondoke bila kula mayai. Raelene alimvika Peg kikapu cha mdomo yeye mwenyewe, akakaza mkanda, akaujaribu kwa kidole. Akalifunga tela nyuma ya baiskeli ya Clem. Clem alipoanza kusogea mbele kama kawaida ili auvunje upepo, Raelene alimwambia, "Ngoja. Leo natangulia mimi." Akapita, na mizigo yake yote, akauchukua upepo kifuani. Wakavuka wavu wa mwisho, wenye ua pande zote mbili. Si mbali baada ya hapo alisikia, nyuma yake, Clem ameanza: "Unajua, Peg..." Raelene hakupunguza mwendo ili asikie. Aliinuka kwenye kiti, akakanyaga pedeli kwa miguu yote miwili, akaenda mpaka sauti ile ikawa haimfikii tena.